Njaa na Usingizi kwenye Waya wa USB

Hadi Oktoba 2022, umeme wa Kasulu na Kibondo ulitoka kwenye dizeli. Mkoa wa Kigoma ulikuwa nje ya Gridi ya Taifa, na TANESCO iliihudumia miji ya mkoa huo kwa jenereta zake, mafuta yakisafirishwa kwa malori kutoka mbali. Mwezi huo, wakati wa ziara ya Rais Samia Suluhu Hassan, jenereta zilizimwa na mkoa ukaanza kupokea umeme wa gridi kwa laini inayotokea Nyakanazi na kushuka kupitia Kakonko, Kibondo na Kasulu. Hayo yalikuwa mabadiliko makubwa kwa mwenye steshenari, kwa mhasibu wa halmashauri na kwa mwalimu mwenye chumba cha kompyuta. Hata hivyo laini ndefu inayokatiza misitu na milima haikosi siku zake mbaya, na viko vitongoji vya Heru Juu, Makere na Mabamba ambako sola ndiyo inayotegemewa. Betri bado ina kazi.

Katika maisha ya namna hiyo iko hitilafu moja ambayo mafundi wa TEHAMA wanaijua kwa sura, hata kama hawaijui kwa jina. Umeme unakatika. Kompyuta mpakato inaendelea na kazi kwa betri yake, kama ilivyotarajiwa. Lakini kifaa kilichochomekwa ubavuni mwake, kiwe modemu, skana, printa ndogo au kisomaji cha alama za vidole, kinatoweka. Taa yake huenda bado inawaka. Kompyuta inadai haikioni, au inakiorodhesha kama kifaa kisichojulikana. Kikichomolewa na kuchomekwa upya kinafanya kazi. Baada ya dakika kadhaa kinapotea tena. Hukumu hutolewa papo hapo: kifaa kimekufa, kinunuliwe kingine.

Mara nyingi kifaa hicho ni kizima. Tatizo liko katika namna kompyuta inavyogawa na kubana umeme wa USB, na lina sura mbili zinazofanana kwa nje huku tiba zake zikitofautiana kabisa. Moja ni njaa: kifaa hakipati umeme wa kutosha. Nyingine ni usingizi: kifaa kimelazwa kwa makusudi ili kuokoa betri, kisha kikashindwa kuamka, au kikaamka na kukuta hakuna anayekisubiri. Fundi anayejua kuzitofautisha hizi mbili huokoa vifaa vingi kwenye jalala.

Kuielewa sura ya pili kunahitaji kwanza kuujua waya wenyewe unavyofanya kazi. Kwenye USB, kifaa hakisemi mpaka kiulizwe. Ndani ya kompyuta kuna chipu inayoitwa kidhibiti, na hiyo ndiyo inayopanga zamu zote. Kila milisekunde moja inatuma alama fupi ya saa, na katikati ya alama hizo inavipitia vifaa kimoja kimoja kuuliza kama vina data. Kwenye kasi ya juu ya USB 2.0, toleo lililotoka Aprili 2000, alama hizo hutumwa kila maikrosekunde 125. Alama zikiendelea kupita, kifaa kinajua kwamba kinahitajika. Waya ukiwa kimya kwa milisekunde 3, kanuni za USB zinakitaka kifaa kilale na kupunguza umeme kinaouchukua hadi miliampia 2.5, kutoka kiwango ambacho kikiwa macho kinaweza kufika miliampia 500.

Kuamka nako kuna taratibu zake. Kompyuta inapotaka kukiamsha kifaa, inashikilia ishara ya kuamsha kwenye waya kwa muda usiopungua milisekunde 20, kisha inakipa milisekunde 10 nyingine za kujiweka sawa kabla ya kukiuliza lolote. Vipo pia vifaa vyenye ruhusa ya kujiamsha vyenyewe na kuiamsha kompyuta: kibodi inapobonyezwa, kipanya kinapobofywa, modemu inapopokea ujumbe.

Anayeamua lini kifaa kilale na lini kiamshwe ni programu iliyoko kati ya mfumo endeshi na ile chipu. Mafundi wanaiita draiva, na jina hilo limeshazoeleka. Kazi yake ni ngumu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu usingizi wa USB huenda kwa mnyororo. Kifaa kinalala, kisha tundu lake linalala. Matundu yote ya habu, kifaa kinachogawa tundu moja kuwa mengi, yakilala, habu yenyewe inalazwa. Habu kuu iliyoko ndani ya kompyuta ikibaki haina kazi, nayo inalala, na hapo draiva inaruhusiwa kukizima kidhibiti chenyewe mpaka kiitwe tena. Wakati wa kuamka mnyororo huo unafunguliwa kwa kurudi nyuma, kiungo kwa kiungo, na kila kiungo kina muda wake. Kimoja kikichelewa, vilivyo chini yake vyote vinahesabiwa kuwa vimechomolewa.

Kwa nini basi watengenezaji walijitwisha mzigo huu wote? Jibu zuri lilijionyesha hadharani Januari 2006. Intel ilikuwa imeingiza sokoni kizazi kipya cha kompyuta mpakato zenye chipu ya Core Duo, na mojawapo ya sifa zake ilikuwa betri kudumu. Wapimaji wa Tom's Hardware wakagundua jambo la ajabu: kompyuta hizo zilipochomekwa kifaa cha USB 2.0, betri iliisha mapema kupita kiasi, na umeme wa kifaa chenyewe haukutosha kueleza hasara hiyo. Microsoft ilikuwa tayari inalijua tatizo. Katika Windows XP yenye Service Pack 2, draiva ya USB 2.0 iliiacha ratiba ya kidhibiti ikizunguka bila kupumzika hata pasipokuwa na data ya kusafirisha. Kidhibiti kinachozunguka kinasoma kumbukumbu ya kompyuta mfululizo, na kinaposoma, chipu kuu haiwezi kuingia katika usingizi wake mzito. Kifaa kidogo kilichokaa bure kilikuwa kimeikesheza mashine nzima.

Kwa mtu wa mjini mwenye soketi kila ukuta, huo ulikuwa usumbufu tu. Kwa mtu anayefanya kazi Mabamba kwa paneli moja ya sola, saa moja ya betri ni saa moja ya kazi. Kubana umeme wa USB ni jambo jema, na ushauri uliozoeleka wa kuzima ubanaji wote mara tatizo linapotokea unaacha hasara ambayo mtumiaji hataiona mpaka jua litakapozama.

Hasara hiyo inapimika. Kifaa kinachochukua miliampia 200 kwenye waya wa volti 5 kinakula wati 1. Kikiachwa macho saa 8 za kazi, kimekula wati-saa 8. Betri ya kompyuta mpakato ya kawaida yenye uwezo wa wati-saa 48 imepoteza hapo sehemu moja ya sita, na kifaa huenda kilifanya kazi ya kweli kwa dakika chache tu katika siku nzima. Kikiwa kimelala kwa miliampia 2.5, kingekula wati-saa 0.1 kwa muda huo huo.

Sasa turudi kwenye njaa, kwa kuwa ndiyo inayostahili kuchunguzwa kwanza. Umeme wa Kasulu unapokatika, kompyuta mpakato ina betri, lakini habu ya nje iliyo juu ya meza, ile yenye adapta yake ukutani, haina. Habu nyingi za namna hiyo adapta ikikosa umeme hazizimiki. Hugeukia umeme wa tundu la kompyuta. Tundu la USB 2.0 lina miliampia 500 za kugawa, na habu yenye matundu manne ikijiendesha kwa umeme huo inaruhusiwa kutoa miliampia 100 tu kwa kila tundu. Kisomaji au modemu iliyotangaza kwamba inahitaji 500 haitakubaliwa. Mtumiaji anaona kwamba umeme ulikatika na kifaa kikapotea, anakisia kwamba mshtuko wa umeme umekiunguza, kumbe kinasubiri chakula. Kikihamishiwa moja kwa moja kwenye tundu la kompyuta, kinafufuka.

Waya nao unakula. Waya wa bei rahisi wenye nyuzi za geji 28 una ukinzani wa karibu omu 0.21 kwa kila mita. Ukiwa na urefu wa mita 1.8, umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo unapita mita 3.6 za shaba nyembamba. Kifaa kikivuta miliampia 500, karibu volti 0.4 zinapotelea njiani. Tundu lililoanza na volti 4.75, kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa kwenye tundu la USB 2.0 lenye nguvu kamili, linakifikishia kifaa volti 4.35. Kwa baadhi ya modemu hapo ndipo redio inapozimika, tena kila inapojaribu kutuma, kwa sababu kutuma ndiko kunakovuta umeme mwingi. Kubadilisha waya mrefu kwa mfupi na mnene ni dawa ya bei ndogo kuliko zote katika sura hii, na inapaswa kujaribiwa kabla ya mtu kugusa mpangilio wowote wa programu.

Kanuni ya kwanza ya uchunguzi inatokana na hapo. Swali la kuuliza ni kifaa kilikuwa kinafanya nini kilipopotea. Kikipotea katikati ya kazi nzito, diski inapoanza kuzunguka au modemu inapopakia faili, ni dalili ya njaa. Kikipotea baada ya kukaa kimya, mtumiaji alipokwenda kunywa chai au alipokuwa akijaza fomu kwa mkono, ni dalili ya usingizi.

Hakuna kazi inayofaa kueleza jambo hili kuliko uandikishaji wa watu, na Kigoma inaijua kazi hiyo kwa karibu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo; Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipovuka mpaka kwa maelfu. Mfumo wa UNHCR uitwao BIMS, uliojaribiwa kwa mara ya kwanza katika kambi ya Dzaleka nchini Malawi mwaka 2013, huchukua alama za vidole vyote kumi pamoja na mboni za macho mawili. Upande wa raia, uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za BVR ulianzia Makambako Februari 2015, na tarehe 20 Julai 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua mkoani Kigoma uboreshaji mwingine wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Kokote kazi hii inapofanyika, meza ina umbo lile lile: kompyuta, kamera, kisomaji cha vidole, pengine printa ya kadi, na betri chini yake.

Kisomaji cha vidole kinafanya kazi kwa sekunde chache, kisha kinasubiri. Mwandishi anauliza jina, kijiji, mwaka wa kuzaliwa. Mzee anatafuta karatasi yake mfukoni. Dakika mbili zinapita. Kwa draiva huo ni muda mrefu mno. Kwenye Linux, muda wa kawaida wa kungoja kabla ya kukilaza kifaa kilichoruhusiwa kulazwa ni sekunde 2. Kwenye Windows, kifaa kinachotumia draiva ya WinUSB kikiruhusiwa kulala hungojewa sekunde 5. Kwa hiyo katika foleni ya watu mia, kisomaji kinaweza kulala na kuamshwa zaidi ya mara mia kwa siku. Kama kinashindwa kuamka mara moja katika hamsini, foleni itasimama mara mbili, na kila ikisimama kuna mtu aliyetembea kutoka kijijini ambaye ataambiwa asubiri mashine iwashwe upya. Hitilafu ya namna hiyo ni ngumu kuikamata ofisini, kwa sababu fundi anayeijaribu huweka kidole baada ya kidole bila kukipa kifaa nafasi ya kusinzia. Ili kuiona, inabidi ajaribu kwa mwendo wa foleni: aweke kidole, akae kimya dakika mbili, aweke tena.

Modemu ina namna yake ya kusumbua, na wengi waliotumia zile ndogo za Huawei zenye laini ya simu wataikumbuka. Modemu hizo zilipochomekwa kwa mara ya kwanza zilijitambulisha kama CD, ili Windows iikute programu yake ya kusakinisha humo humo. Baada ya hapo programu iliiamuru modemu igeuke kuwa modemu. Kompyuta inapolala usingizi mzito, baadhi ya mashine hukata kabisa umeme wa matundu. Modemu inaamka ikiwa imesahau kila kitu na kujitambulisha tena kama CD. Mtumiaji anaona intaneti imekatika huku CD asiyoijua ikitokea kwenye skrini, na lawama anaipeleka kwa mtandao wa simu. Kwenye Linux ilibidi iandikwe programu maalumu, usb_modeswitch, ya kuzigeuza modemu hizi kila zinapoibuka upya. Kwa mtu aliyeko Kibondo anayetegemea modemu, suluhisho la haraka ni kuizuia kompyuta yenyewe isilale wakati intaneti inatumika, na skrini iachwe izimike kwa nafasi yake.

Hapa ndipo kukatika kwa umeme kunapoingia tena, safari hii kwa mlango wa programu. Windows huweka mipangilio ya umeme katika safu mbili, moja ya betri na nyingine ya umeme wa ukutani, na kwa kawaida muda wa kompyuta kulala ni mfupi zaidi upande wa betri. Soketi ikifa, kompyuta inahamia safu nyingine bila kumwambia mtu. Kifaa kilichokuwa hakipati matatizo asubuhi nzima kinaanza kupotea saa tano, muda mfupi tu baada ya umeme kukatika. Fundi anayeichunguza mashine hiyo ikiwa imechomekwa ukutani hataliona tatizo kamwe. Achomoe waya wa umeme kwanza.

Baada ya hapo zana zipo, na hazihitaji fedha. Kwenye Windows, amri ya powercfg /energy ikiendeshwa na mwenye mamlaka ya msimamizi huichunguza mashine kwa sekunde 60 na kuandika ripoti inayotaja, pamoja na mengine, vifaa vya USB vilivyokataa kulala. Katika orodha ya vifaa, kila habu kuu ya USB ina ukurasa wa umeme wenye kisanduku kinachoiruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa betri. Kwenye Linux, kila kifaa kina faili lake la power/control: likiandikwa auto kifaa kinaweza kulazwa, likiandikwa on kinabaki macho. Ubora wa njia hii ni kwamba uamuzi unafanyika kifaa kwa kifaa. Kisomaji kinachosumbua kinaachwa macho, kamera na habu zinaendelea kulala, na betri haiumii sana.

Kumbukumbu za kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, nazo husaidia kutenganisha njaa na usingizi. Hitilafu namba -110 maana yake muda umekwisha bila jibu: kompyuta iliuliza, kifaa kikanyamaza. Hitilafu namba -71 maana yake jibu lilikuja likiwa limevurugika. Ya pili mara nyingi humrudisha fundi kwenye waya na volti. Ya kwanza, ikitokea mara tu baada ya kuamshwa, humpeleka kwenye draiva.

Iko mbinu nyingine ambayo fundi wa Kasulu ana bahati nayo. Kompyuta mpakato zilizotumika, za miaka ya 2012 hadi 2014, zina matundu ya aina mbili: meusi ya USB 2.0 na ya buluu ya USB 3.0. Kwenye nyingi, aina hizo mbili husimamiwa na vidhibiti tofauti, EHCI kwa zile za zamani na xHCI kwa mpya, na kila kimoja kina draiva yake. Kuhamisha kifaa kutoka tundu jeusi kwenda la buluu kwa kawaida ni kukihamisha kwa draiva nyingine kabisa, bila kusakinisha chochote. Kikiwa na nidhamu upande mmoja na kusumbua upande mwingine, kifaa chenyewe kimeondolewa lawama. Mashine za miaka ya baadaye hazina nafasi hiyo, kwani kuanzia kizazi cha Skylake cha mwaka 2015 Intel iliondoa EHCI kwenye kompyuta zake za kawaida. Ndiyo sababu watu wengi waliojaribu kuweka Windows 7 kwenye mashine hizo walijikuta na kibodi na kipanya vya USB visivyofanya kazi katikati ya usakinishaji: Windows 7 haikuja na draiva ya xHCI, na Microsoft iliiingiza ndani ya mfumo wake kuanzia Windows 8, mwaka 2012.

Linux ilitangulia. Draiva yake ya xHCI, iliyoandikwa na Sage Sharp akiwa mhandisi wa Intel, iliingia katika kerneli ya 2.6.31 mwaka 2009 na kuifanya Linux kuwa mfumo endeshi wa kwanza kutumia USB 3.0. Sharp huyo huyo ndiye aliyefichua, mwaka 2013, jambo ambalo kila fundi anapaswa kulijua kabla ya kulaani kifaa cha bei rahisi. Kwa miaka mingi vifaa vilivyokatika baada ya kuamshwa vilihesabiwa kuwa vibovu. Sharp alipopima muda wa kuamka, akakuta tatizo ndani ya kerneli. Zile milisekunde 10 za kujiweka sawa zimewekwa na kanuni kama kima cha chini. Kerneli ilizichukulia kama kikomo: kilichochelewa hata kidogo kilihesabiwa kimeondoka, kikakatwa na kuanza kutambuliwa upya. Vifaa vilikuwa ndani ya sheria. Aliyewalaumu watengenezaji ndiye aliyeharakisha.

Kisa hicho hakivisafishi vifaa vyote. Viko vilivyotengenezwa bila mtu kujaribu hata mara moja kama vinaamka. Uwezo wa kulaza vifaa ulipoingia katika Linux, printa na skana nyingi ziligoma, na wasimamizi wa kerneli wakaamua kwamba kwa kawaida habu pekee ndizo zilazwe bila kuuliza, vifaa vingine vingoje ruhusa. Alan Stern, ambaye kwa miaka mingi amekuwa nguzo ya sehemu hiyo ya kerneli, aliandika mwongozo unaoeleza tabia hizi kwa uwazi wa kupendeza: vipo vipanya vinavyoamka kwa kubofywa lakini haviamki kwa kusogezwa, na baadhi ya vitufe vya kibodi, kama vya sauti, vinaweza visiiamshe hata vikibonyezwa.

Kwa vifaa vyenye tabia mbaya zaidi kerneli ina daftari lake, faili linaloitwa quirks.c. Kila mstari unataja namba ya mtengenezaji na namba ya kifaa, kisha kasoro yake. Baadhi ya kamera za Logitech, namba 046d, zimo humo: ziko zinazotakiwa kuanzishwa upya kila zinapoamshwa, na ziko zinazotakiwa kupewa muda zaidi zinapochomekwa. Ni daftari linalokua kwa sababu mtu fulani mahali fulani alikaa na kifaa chake mpaka akajua kinachokisumbua.

Zamani kuongeza mstari humo kulihitaji kuijenga kerneli nzima upya. Tangu mwaka 2018 hakuhitajiki. Fundi anaisoma namba ya kifaa kwa amri ya lsusb, anaiandika katika mpangilio uitwao usbcore.quirks pamoja na herufi ya kasoro, ambapo b maana yake ni kwamba kifaa kianzishwe upya baada ya kuamka, kisha anawasha mashine na kukijaribu kisomaji chake kwa mwendo wa foleni, waya wa umeme ukiwa umechomolewa. Kikipita jaribio hilo kwa siku nzima, mstari huo huo unaweza kutumwa kwa wasimamizi wa kerneli, ukakaguliwa na kuingizwa katika daftari la wote, na kisomaji cha aina hiyo kitakachofunguliwa kwenye boksi huko Nduta au Makambako baada ya hapo, kwenye kompyuta yenye kerneli mpya, kitakuta draiva inayokijua tayari.